Mshika Ufunguo wa Pili wa Kabiro

Bakhita Marjan alisoma kila alichochapisha. Wenye mashine wengine wa Kawangware hulaza karatasi, hubonyeza, hupokea hela na kumwita anayefuata. Bakhita alisimama na karatasi ya mteja mkononi sekunde kumi zaidi, macho yakishuka mstari kwa mstari, na kwa miaka kumi na minane ya kusimama hivyo alikuwa amejua nani anafukuzwa nyumba, nani ameoa mara mbili bila wake kujuana, na nani anatafuta kazi kwa cheti cha shule ambayo haijawahi kujengwa. Hakumwambia mtu. Haukuwa wema. Duka linalojulikana kuwa linasema halimalizi mwezi, naye hakuwa na duka lingine.

Alizaliwa Makina, Kibera, katika nyumba iliyojengwa na babu yake, askari mstaafu wa Mwingereza, na huko ndiko alikoendelea kulala. Lakini duka alilifungua Kabiro, upande mmoja wa Kawangware, mwendo wa saa nzima na ushei kwa miguu, kwa hesabu moja nyepesi: Makina kila mtu wa pili ni binamu, na binamu halipii fotokopi. Mashine yenyewe aliipata kwa mawakili waliokuwa wakihama Barabara ya Ngong. Walimwambia imekufa. Akaomba iwashwe, akaisikiliza inavyokoroma, akajua ni roli moja tu la kuvutia karatasi limelika, akakunja uso kama mtu anayeonyeshwa maiti, na akaondoka nayo kwa bei ya chuma chakavu.

Kitu kimoja kilikuwa kimemshinda kukinunua wala kukipigia bei, nacho ni kitambulisho chake mwenyewe. Alipofikisha umri aliitwa mbele ya meza ya kuhojiwa, kama Wanubi wote wa rika lake, akaulizwa babu yake alitoka wapi.

"Makina."

"Kabla ya Makina?"

"Kabla ya Makina alikuwa vitani. Vita vyenu."

Jibu hilo lilimgharimu miaka mitatu ya kukalia benchi. Tangu hapo aliiona ofisi ya usajili kama mtu aonavyo choo cha stendi: unaingia kwa kuwa huna budi, unabana pumzi, unatoka.

Sasa ubaya ni kwamba ofisi ndogo ya usajili ya Kabiro ilikuwa ng'ambo tu ya barabara kutoka dukani kwake, na ilikuwa mteja wake mkubwa. Printa ya ofisi haikuwa na wino tangu siku ilipoletwa. Kila barua, kila fomu, kila orodha ya watu, karani aitwaye Nashon aliituma kwenye simu ya Bakhita, kisha akavuka barabara kuichukua. Hali kadhalika sahihi. Ofisi ilipaswa kuwa na makarani wawili, lakini Magdaline alikwenda likizo ya uzazi mwaka uliotangulia na hakuna aliyeletwa badala yake. Palipotakiwa sahihi mbili, Nashon aliweka ya kwanza, akavuka, na Bakhita akaweka ya pili kwenye nafasi ya shahidi. Kazi ya serikali ilikwenda hivyo, na ilikwenda vizuri kuliko ilivyostahili.

Basi siku moja ya mwezi wa tatu, Nashon akaja akihema, akimwita kwa jina la mwanawe kama kawaida.

"Mama Faisal, niaje. Leo kuna kazi. Nakala arobaini, pande zote mbili."

"Za nini?"

"Serikali inabadilisha vile inafunga data. Kiwango kipya. Si wewe husoma tu, soma."

Akasoma. Kurasa thelathini na nane za Kiingereza kigumu kama mfupa, lakini Bakhita alikuwa amefundishwa Kiingereza na mawakili bila wao kujua, kupitia mashine. Akaelewa hivi: majina ya watu, alama zao za vidole na vyeti vya wazazi wao vilivyomo kwenye kompyuta za serikali vilikuwa vikifungwa kwa njia ya kizamani, ambayo mwizi mwenye kompyuta nzuri angeweza kuifumua. Njia mpya ingeyavuruga maandishi yote yawe takataka isiyosomeka, mpaka mwenye ufunguo aje. Na ufunguo wa kila ofisi ungegawanywa nusu mbili. Kila nusu na mtu wake. Wasiambiane, wasiiandike popote, na ziingizwe zote mbili pale pale ofisini ndani ya dakika moja.

Alipofika hapo akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sanduku la chama chao cha kuweka akiba Makina lilikuwa na kufuli tatu na wanawake watatu, na kwa miaka kumi na mbili halikuwa limepoteza hata sarafu. Akawaza: hatimaye serikali imejifunza kitu kutoka kwa wanawake wa chama.

Kuridhika huko kuliisha jioni ile ile. Nashon alituma waraka wa pili. Ilikuwa ripoti ya kikao cha maoni ya umma. *Jumla ya wananchi* — hapo pameachwa nafasi tupu — *walihudhuria, wakaelezwa kiwango kipya kwa kina, na wakakiunga mkono kwa kauli moja.*

"Nashon," akasema, "kikao si ni kesho kutwa?"

"Eeh."

"Na hii inasema watu wamekubali."

"Kwani hawatakubali? Kuna soda na samosa."

Bakhita akamtazama alivyosimama pale, mtu mzima mwenye mke na shati lililopigwa pasi, akaona hana aibu hata chembe, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba hapo pana cha kuonea aibu. Akachapisha. Ladha ya kinywani ikawa kama ya kulamba betri.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa jamii. Kutoka makao makuu alikuja bwana mmoja aitwaye Muia, wa Idara ya Usalama wa Kumbukumbu, suti ya samawati, viatu vinavyong'aa ambavyo aliviinua kimoja kimoja kuvuka mtaro kama kuku kwenye tope. Akaonyesha michoro ukutani, juu ya shuka lililokuwa na doa la chai. Akasema maneno mengi. Mzee mmoja akauliza lini mtaro utazibuliwa. Mama mmoja akauliza kama hiyo data inaleta kazi kwa vijana. Bakhita akanyoosha mkono.

"Mwenye nusu ya ufunguo akihamishwa ghafla, je?"

"Swali zuri sana, mama. Hilo limeshughulikiwa ndani ya kiwango."

"Ukurasa gani?"

"Mama, tuwape na wengine nafasi."

"Mimi ndiye nilichapisha hicho kiwango. Hakuna huo ukurasa."

Watu wakacheka, mtu nyuma akapiga mbinja, na Muia naye akacheka, akatazama saa, akasema samosa zinapoa. Bakhita alihesabu viti: themanini, na kumi na tisa vilikuwa havina mtu. Siku iliyofuata aliichapisha ripoti tena, nafasi ikiwa imejazwa. *Wananchi mia mbili na kumi na wawili.* Na chini yake, cheti chenye mapambo ya dhahabu: Kituo cha Kabiro kimetimiza kiwango kipya. Tarehe ya cheti ilikuwa ya wiki mbili kabla ya kikao.

Alikichapisha kwenye karatasi ngumu, kwa rangi, kama kilivyoagizwa. Cheti ni cheti. Lakini alipomkabidhi Nashon alikishika kwa kucha mbili kwenye pembe.

Wiki iliyofuata ikaja fomu ya washika ufunguo, na ilitakiwa kurudi makao makuu siku hiyo hiyo. Nashon alivuka barabara nayo mkononi.

"Mama Faisal, weka sahihi hapa. Nafasi ya pili."

Akasoma. *Mshika Ufunguo wa Pili.*

"Mimi si mtu wa serikali."

"Fomu haijauliza. Imeuliza jina na namba ya kitambulisho."

Bakhita akacheka mpaka akashika meza. "Miaka mitatu mlinikalisha benchi kwa sababu hamkujua mimi ni nani. Leo niwashikie ufunguo?"

"Ndio maana!" akasema Nashon. "Hapa Kabiro nzima hakuna mtu amekaguliwa kukushinda."

Akaweka sahihi. Alijiambia kwamba Nashon ni mteja wa kila siku, na mteja wa kila siku humnyimi kitu kisichokugharimu. Akavuka barabara, akaketi mbele ya kompyuta ya serikali, na Nashon akageukia ukuta wakati yeye akiandika nusu yake: herufi na tarakimu kumi na mbili alizozipanga mwenyewe. Hakuziandika popote. Hakumwambia hata mumewe. Kwa kitambo, na hili asingelikiri kwa mtu, alitembea kwenda Makina jioni ile na shingo imenyooka.

Ilipofika mwezi wa tano, Ruweida akamaliza kozi ya maabara.

Ruweida alikuwa mtoto wa kaka yake, miaka ishirini, msichana mwepesi wa mkono na mzito wa kunyamaza. Alikuwa amepata nafasi kwenye maabara ya hospitali moja ya watu binafsi. Aripoti Jumatatu ya mwisho wa mwezi, saa mbili asubuhi, akiwa na kitambulisho, au angalau kile kikaratasi cha kusubiria kitambulisho ambacho watu wote hukiita wetingi. Asipokuwa nacho, nafasi inapewa mwingine. Barua ilisema hivyo kwa wino mzito, na Bakhita alikuwa ameisoma mara tatu akitafuta pa kupenyea, hakupaona.

Na ni yeye Bakhita aliyekuwa amemwambia Ruweida asipange foleni Kibera. "Njoo Kabiro, hapo namjua karani." Vyeti vya baba na vya babu vilikuwa vimeshapigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta. Barua ya chifu ilikuwemo. Yalibaki mambo mawili: vidole kwenye wino, na wetingi kuchanwa kutoka kwenye kijitabu.

Hapo ndipo Nashon alipopata barua ya uhamisho. Lodwar, kule mwisho wa kaskazini. Aripoti ndani ya siku tatu. Alifunga virago kama mtu anayekimbia moto, na atakayemrithi hakuwa ametajwa. Kwenye kioo cha dirisha la ofisi ikabandikwa karatasi: *Faili hazifunguki kwa mujibu wa kiwango kipya. Subirini.*

"Lakini anti," akasema Ruweida, "nusu ingine si iko na wewe?"

"Iko."

"Basi?"

"Basi nusu peke yake ni kelele tu za vidole. Mashine inataka zote mbili, hapo hapo, ndani ya dakika moja."

Akampigia Nashon. Simu ilikatika mara nne kabla ya kushika.

"Mama Faisal, nikikutajia yangu kwa simu nafutwa kazi. Naapa. Hata huku kwenyewe sina kompyuta, nimepewa meza na kiti."

"Watu wako wako kwenye benchi hapa, Nashon."

"Si watu wangu tena," akasema Nashon, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, wala si ya mtu mbaya, na hilo lilimuudhi Bakhita zaidi kuliko angetukanwa.

Siku tisa Ruweida alikalia benchi la ofisi. Bakhita alimwona kupitia mlango wa duka, magoti yamebanwa pamoja, bahasha ya kaki mapajani, na kila alipoinua macho kutoka kwenye mashine alijiona mwenyewe wa miaka thelathini iliyopita. Pembeni ya Ruweida aliketi Nanyama, mama wa makamo aliyekuwa akitafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa marehemu dada yake ili aingizwe shule. Nyuma yao watu wengine ishirini na kitu, wakibadilishana nafasi, wakitafuna miwa, wakiulizana kama kuna habari. Kila asubuhi askari wa mlangoni alitoka, akasema neno moja, kiwango, akarudi ndani kwenye kivuli. Alilisema kama vile wengine husema mvua.

Ijumaa, siku ya mwisho ya kazi kabla ya ile Jumatatu, gari jeupe lilisimama mbele ya duka. Akashuka Muia.

"Mama, ni wewe Bakhita Marjan?"

"Ndiye mimi. Unachapisha?"

"Hapana. Kumetokea kasoro ndogo ya kiutawala." Akaingia, akaepuka kugusa kaunta. "Jina lako limeonekana mahali ambapo halikupaswa kuonekana."

"Kwenye fomu yenu."

"Kwenye fomu yetu, ndiyo. Nimekuletea karatasi. Sahihi moja tu, tumalize."

Akaipokea. Akaanza kusoma. Muia akasema, "Ni ya kawaida tu, mama," naye akaendelea kusoma. *Mimi, Bakhita Marjan, nathibitisha kwamba sijawahi kushika, kujua wala kuhifadhi sehemu yoyote ya ufunguo wa Kituo cha Kabiro.* Mstari mmoja wa jina, mmoja wa sahihi. Tarehe ilikuwa imeshajazwa: siku moja baada ya ile aliyoitia sahihi fomu ya Nashon. Hawa watu, akawaza, wanazipanga tarehe upya kama mwenye kibanda anayegeuza nyanya iliyooza ielekee ndani.

"Wakaguzi wanakuja lini?" akauliza.

"Wakaguzi gani?"

"Umetoka makao makuu Ijumaa saa nne, na gari, kwa sahihi ya mama wa fotokopi."

Muia akatoa kitambaa, akajifuta shingo. "Jumatatu."

Hapo Bakhita akainamisha kichwa upande. Si kwa hofu. Alikuwa akisikiliza, kama alivyoisikiliza ile mashine ya mawakili. Kuna kitu huyu bwana hakuwa ameuliza. Amekuja kufuta jina la Bakhita, na nusu ya ufunguo wa ofisi nzima imo kichwani mwake, na nyingine iko Lodwar, na hajauliza. Mnunuzi akipita bidhaa yako bila hata kuigusa, basi anayo nyumbani kwake.

"Na ile namba?" akasema, polepole.

"Namba gani?"

"Nusu yangu. Kumi na mbili. Hamtaihitaji?"

"Ah. Hiyo... hiyo itafutwa tu kwenye mfumo."

"Itafutwaje, na sijaitaja?"

Muia akatazama mlango. Bakhita akajua amepata roli lililolika.

"Sikia, bwana mkubwa. Nitaweka sahihi. Sina shida. Lakini kuna faili humo ndani ya msichana anaitwa Ruweida. Kila kitu kimo, bado vidole na wetingi. Mfungulie."

"Mama, haiwezekani. Hata waziri hawezi. Hiyo ndiyo maana yenyewe ya kiwango."

"Sawa." Akairudisha karatasi juu ya kaunta, akaigeuza imwelekee Muia, akaweka kalamu juu yake. Akamwita mteja aliyekuwa amesimama nje. "Njoo, ndugu. Nakala ngapi?"

Nakala kumi na mbili za risiti za mahari. Alizifanya moja moja, akizisoma. Muia akasimama. Akapiga simu, akaongea kwa Kikamba, akakata. Akapiga nyingine. Mteja wa pili akaingia, wa tatu akaingia. Wa tatu akamtazama Muia juu mpaka chini, akauliza, "Huyu buda ni wa foleni ama ni wa nini?"

"Ni wa kungoja," akasema Bakhita.

Ilipopita nusu saa, Muia akasema kwa sauti ya chini, "Faili moja."

"Moja. Wewe kwanza, mimi baadaye."

"Sahihi kwanza."

"Mimi si mtu wa kuuziwa kwenye mfuko uliofungwa."

Wakavuka barabara, Muia mbele na viatu vyake, Bakhita nyuma, Ruweida akainuka kutoka kwenye benchi kwa ishara ya jicho tu. Ndani mlikuwa na harufu ya popo na karatasi mbichi. Ukutani, cheti chenye mapambo ya dhahabu kilikuwa kimeshapata fremu.

Muia akawasha kompyuta, akachukua simu yake. Hakujisumbua kuificha, kwake Bakhita alikuwa mama wa fotokopi, na watu hawawafichi hao kitu, ndiyo sababu wanajua kila kitu. Akafungua WhatsApp. Kikundi cha watu sitini na wanne. Juu kabisa, palipobandikwa tangazo ili kila mtu alione, palikuwa na mstari mmoja mrefu wa herufi na tarakimu, na neno *vituo vyote*. Chini yake, picha ya keki ya siku ya kuzaliwa ya mtu na makofi ya watu thelathini.

Muia akauandika ule mstari. Akabonyeza. Faili za Kabiro zote zikafunguka, majina yakashuka kwenye kioo kama nafaka kwenye gunia lililotoboka.

Haikuchukua hata dakika.

Bakhita akapiga hesabu. Siku tisa za benchi. Nashon kule Lodwar akiogopa simu yake mwenyewe. Na yeye, mjinga, miezi miwili akizibeba herufi kumi na mbili kichwani kama yai, akizirudia barabarani asizisahau, asimwambie mumewe. Sanduku lilikuwa na kufuli mbele, na nyuma halina ubao. Walikuwa wamewagawia funguo watu wa mbele ili wapate cha kuwaonyesha wakaguzi.

"Watu sitini na wanne," akasema.

"Ni ya dharura hiyo."

"Basi wale walio nje wafungulie pia. Zimeshafunguka. Ni kuita majina tu."

"Tulikubaliana faili moja, mama." Muia hakumtazama. "Kila nitakayefungua inaandikwa kwenye mfumo. Moja nitaieleza. Thelathini siwezi."

Na angekuwa yeye, Bakhita angesema vivyo hivyo. Mapatano ni mapatano. Hilo ndilo lililonuka kuliko yote: katika chumba kile hapakuwa na mtu mwingine anayefanana naye zaidi ya huyu.

Muia alilazimika kumchukua Ruweida alama za vidole mwenyewe. Hakujua kazi. Akaumwaga wino, ukaingia kwenye mkono wa suti ya samawati, akasonya. Ruweida, aliyezoea vioo na damu za maabara, akamshika mkono kwa upole na kumwonyesha. "Polepole, mzee. Unakibingirisha hivi, kutoka kucha mpaka kucha." Kumi vikatoka safi. Kikaratasi kikachanwa kwenye kijitabu, kikapigwa mhuri. Bakhita akakisoma: jina, baba, mama, tarehe, mhuri. Akakisoma tena. Akampa Ruweida.

"Kiweke ndani ya nguo, si kwenye bahasha."

Kisha akaketi, akaisoma ile karatasi ya Muia mara ya tatu, neno kwa neno mpaka mwisho, na kuweka sahihi. Hajawahi kushika, kujua wala kuhifadhi. Uongo mtupu. Muia akakaza macho kwenye sahihi, akaipuliza wino ukauke, akakunja, akatia mfukoni.

"Tumemalizana, mama."

"Tumemalizana."

Bakhita akatoka na Ruweida. Jua la mchana lilimchoma machoni. Benchi zima likamgeukia, na Nanyama, ambaye alikuwa ameuona wino kwenye vidole vya Ruweida, akainuka nusu.

"Mama Faisal, imefunguka?"

Bakhita alisimama na mkoba wake begani. Aliipitia ile karatasi kichwani kama mtu anayepapasa mifuko kabla ya kuondoka dukani. Alikuwa ameuza kushika. Alikuwa ameuza kujua na kuhifadhi nusu ya ufunguo. Kuhusu alichokiona leo kwenye simu ya mtu mwingine, hapakuwa na neno hata moja, si juu, si chini, si kwa herufi ndogo. Hakuwa amelipwa kukinyamazia.

"Imefunguka," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa askari wa mlangoni. "Yote. Iko wazi saa hii, na ufunguo anao huyo bwana wa ndani kwenye simu yake, kwenye WhatsApp, na wenzake sitini na watatu. Akiwaambia kiwango, mwambieni awaonyeshe simu. Gari lake ni lile jeupe. Hana njia nyingine ya kutokea."

Muwa ukatupwa chini, na Nanyama akaingia wa kwanza, na wengine nyuma yake, na askari akasogea pembeni, kwa maana naye alikuwa na mtoto asiye na cheti. Ndani sauti ya Muia ikapanda: "Mama! Mama, tulikubaliana!" Bakhita hakugeuka.

"Atawafungulia wote?" Ruweida akauliza walipokuwa wakivuka barabara.

"Wale watakaopiga kelele leo. Kesho atabadilisha mstari kwenye simu, na watakaokuja wataambiwa wasubiri." Akatema mate kwenye mtaro, mara mbili, kama mtu aliyemeza nzi. "Kanawe huo wino kwa sabuni ya unga. Ya kipande haiutoi."

Mbele ya duka wateja wanne walikuwa wakingoja. Akaifungua mashine, akapokea karatasi ya wa kwanza, akaanza kuisoma.